Sita Zenye Kofia

Mwezi uliopita nilimnyang'anya tepu kijana mmoja mpole aliyekuwa akifanya kazi yake tu, nikaificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Mimi huyu, mtu mzima ambaye magoti yake yanalia kama mlango wa kanisa, mwenye shahada niliyoisomea jioni kwa miaka tisa huku nikisinzia katika kila kituo cha Metro tangu Columbia Heights hadi mwisho wa reli. Kosa la kijana lilikuwa moja. Aliingia chumbani kwa mama, katika kituo cha wagonjwa wa kiharusi kule Rockville, akamkuta amelala chali, akamwamkia shikamoo ya Kitanzania iliyonyooka, kisha akachomoa tepu ya fundi cherehani na kuanza kumpima kutoka kiunoni kwenda magotini.

"Samahani dada yangu, nachukua vipimo vya mashine ya kumwinulia tu," akasema, mkono ukiwa bado umeelea hewani.

"Vipimo vya nini hasa?"

"Vya mashine, dada. Kuna shida?"

Shida ilikuwepo, na ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya ishirini. Nilimrudishia tepu yake nikiona aibu. Akafungua mfuko wa plastiki, akatoa kitambaa kipya chenye mikanda, na chumba kizima kikajaa harufu ya nailoni iliyounguzwa ncha zake kwa moto ili zisifumuke. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Kuna harufu ambayo haiulizi kama una nafasi. Hiyo ilinishika sikio ikanirudisha katika jengo letu la zamani, nikiwa na miaka minane, nikiwa na uhakika kwamba mtu wa ghorofa ya chini anataka kumzika mama yangu.

Tulikaa orofa ya nne, katika jengo la matofali mekundu ambalo lifti yake ilifanya kazi siku za sikukuu tu. Ngazi zilikuwa elfu moja na mia mbili. Mama husema zilikuwa arobaini na nane, lakini mama hakuwa mbeba galoni ya maziwa. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Alikuwa ametoka Molo na kilemba kimoja kizuri na imani ya kutosha kijiji kizima, akapata kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja ya wazee isiyo mbali na kwetu. Kazi yenyewe ilikuwa kuinua. Unamwinua babu kitandani, unamwingiza bafuni, unamtoa, unamgeuza, na babu wa Kimarekani, nawaapia, ana uzito wa trekta. Akirudi nyumbani alikuwa halali kitandani. Alijilaza sakafuni juu ya zulia, akaniambia, "Wairimu, vua viatu unipande." Basi nikawa natembea juu ya mgongo wake, polepole, nikisikiliza mifupa ikiongea chini ya nyayo zangu. Nilidhani kila mtoto duniani hufanya hivyo kabla ya chakula cha jioni.

Chini kabisa, katika ile orofa iliyozama nusu ardhini, alikaa Don Eligio. Ndiye aliyetengeneza mabomba ya joto ya jengo, na masinki, na hiyo lifti ya sikukuu. Wazazi wake walitoka Meksiko, yeye akazaliwa Texas, akakua akichuma vitunguu pamoja nao. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye grisi mikononi na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Jioni alisoma uhandisi. Mama na rafiki yake, Mama Shiro, walimwita Injinia, lakini kwa ile sauti unayoitumia ukimwita mtoto "mheshimiwa." Katika jengo letu kila mtu alikuwa mkubwa fulani wa jioni. Mfagiaji alikuwa mchungaji, muuza viatu alikuwa daktari kwao. Nani angemwamini mmoja zaidi?

Kutoka chini kwake kulipanda ile harufu ya kuungua, karibu kila siku. Pia mlio wa cherehani, ule mzito, kama bunduki inayokohoa. Mimi na watoto wenzangu tulichungulia dirishani kwake tukaona mikanda ya magari, ile ya kujifungia kwenye viti, imening'inia ukutani kama nyoka waliokaushwa. Kwa hesabu yangu ilikuwa laki moja. Na katikati ya chumba ulisimama mlingoti wa chuma wenye mkono uliopinda mbele.

Mama Shiro alikuwa mtunza wazee pia. Alikuja kwetu kila Jumapili baada ya ibada, akiendesha gari kutoka Oxon Hill na sufuria ya mukimo kwenye kiti cha mbele, imefungwa mkanda kama abiria. Yeye ndiye aliyekuwa na pua ya mambo.

"Mama Wairimu, huyo mtu anafanya nini huko chini?"

"Anashona."

"Mwanamume? Anashona nini na mikanda ya magari? Na magari yenyewe yako wapi?"

"Anasema ni mashine ya kuinulia wagonjwa."

"Anasema! Hata yule aliyeniuzia friji alisema."

"Shiro, acha. Ni mtu wa heshima."

"Mtu wa heshima anaandika watu kwenye daftari? Mimi aliniuliza kazini tunainua wazee wangapi kwa siku, akaandika. Nikamwambia mimi simjui mzee hata mmoja. Unajua anampelekea nani hayo majina?"

Katika nyumba kama zetu, mtu anayeandika habari zako kwenye daftari hakuwa mtu wa kuchekelea. Labda ni wa uhamiaji, labda ni wa bima, labda ni wa mwenye nyumba. Hatukuwa na kosa lolote, karatasi zetu zilikuwa sawa, lakini tulishuka ngazi zile kwa adabu ya watu wenye makosa.

Ndipo ikaja Jumapili ile. Injinia alimkuta mama kwenye ngazi, ameshika ukuta, mgongo umemkatalia. Akambebea mifuko hadi kwetu. Mama akampikia chai, maana hata mtu unayemshuku hupewa chai kwanza. Akanywa vikombe vitatu, akasema sasa ameelewa ni kwa nini mashine yake haijakamilika: ameishona kwa kukisia. Anahitaji mwili wa kweli, wa mtu anayejua mgonjwa anavyolala. Mkuu wa nyumba ya wazee ya mama amekubali kuitazama mashine ikifanya kazi, wiki mbili zijazo. Akiipenda ataagiza kadhaa, na mama na wenzake hawatainua mtu kwa mikono tena. Je, Senyora atakubali kupimwa?

Mama akalala chali kwenye zulia. Injinia akapiga magoti, akavuta tepu, akapima. Akachukua kalamu nyuma ya sikio, akaandika. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni na kijiko mkononi, na damu yangu iliganda ikawa barafu ya kutosha kupoza soda za harusi.

Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara moja tu maishani. Mwaka mmoja kabla, tulisafiri kwenda Molo kumzika guka, babu yangu. Alikuwa amelazwa kitandani, nami sikujua bado vizuri kwamba amekufa. Nilidhani amepumzika sana. Akaja fundi mbao mwenye kalamu nyuma ya sikio. Akampima guka kutoka kichwani hadi miguuni, akaandika nambari kwenye kipande cha ubao, akaondoka. Kesho kutwa guka akawa ndani ya sanduku, sanduku likawa ndani ya shimo. Nilimuuliza mama kwa nini yule mtu alimpima guka. Akaniambia huku akijipangusa macho, "Ili sanduku limtoshe."

Kwa hiyo nilijua. Mtu anapimwa akiwa amelala, anaandikwa kwa kalamu ya risasi, anapigiliwa misumari. Ile ndiyo kazi ya huyu mtu. Mikanda ile ni ya kuteremshia masanduku kaburini. Niliiona Molo kwa macho yangu, mikanda kama ile ile. Na mama yangu, mwanamke mwenye akili zote, amelala pale anacheka.

Injinia akamaliza, akaweka daftari mezani, akaenda jikoni kututengenezea bomba lililokuwa likidondoka. Mama akamfuata na tochi. Nikabaki mimi, daftari na kalamu ya risasi.

Akili ya miaka minane ina ukali wake. Sikuweza kumzuia, alikuwa mpana. Sikuweza kumwambia mama, angenichapa kwa kumsingizia mgeni. Lakini niliweza jambo moja: kuhakikisha sanduku halitamtosha. Lisipomtosha hawatamzika. Wasipomzika hatakufa. Hebu niambieni ni wapi kuna kasoro katika hesabu hiyo.

Kwenye ukurasa kulikuwa na tano nyingi. Kimo 155. Kiunoni hadi magotini 55. (Yeye aliandika kwa sentimita, na hilo pia lilitutia shaka. Mtu mwema anaficha inchi kwa nini?) Nilichukua kalamu, nikaifunga kila tano tumbo. Tano zote zikawa sita. Zilibaki na ule mstari wa juu, kwa hiyo zilikuwa sita zenye kofia, lakini nilizipenda. Mama yangu akawa na kimo cha sentimita 166, mrefu kuliko kifo.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kulia chakula wa ile nyumba ya wazee. Mama alinichukua kwa sababu hakukuwa na wa kuniacha naye. Wazee walikuwa wamepangwa kwenye viti vyao kama watazamaji wa mpira. Mkuu wa nyumba alisimama mbele, mwanamke mrefu mwenye saa aliyoitazama kila sekunde. Injinia alivaa suti ya rangi ya kahawia iliyokuwa na umri kunizidi. Mama alikuwa amezungumzia jambo hilo wiki nzima. Mgongo wake ulikuwa umefika mahali pa kusema sasa basi, na bila mgongo hakuna kazi, na bila kazi hatukuwa na Columbia Heights wala orofa ya nne. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba sioni sanduku popote, na hilo lilinitatiza.

Mama akalala kwenye kitanda cha majaribio. Injinia akamvika kile kitambaa chenye mikanda, kile ambacho mama alikuwa amekwisha kukipa jina: mbeleko. "Nitabebwa mgongoni mwa chuma," alikuwa akisema. Nikaona kitambaa kimemlegea, kinabaki upande huu na upande ule. Injinia naye aliona. Alikunja uso, akafungua daftari, akatazama nambari, akatazama mama, akatazama nambari. Mkuu wa nyumba akatazama saa. Injinia akafunga daftari, akabonyeza kitufe.

Mama alipanda kama malkia kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akaanza kuzama katikati, magoti yakamjia usoni, na kabla mtu hajasema lolote alichuruzika chini ya kitambaa. Injinia alijirusha. Nimewahi kusema aliruka mita sita, tuseme mbili. Mama akamwangukia kifuani. Yeye alivunjika ubavu mmoja, mama akateguka kifundo cha mkono, na bibi mmoja kwenye viti akapiga makofi akidhani ni sehemu ya onyesho.

"Nimeona ya kutosha," akasema mkuu wa nyumba.

Mimi nilifurahi siku tatu. Jamani, lazima niseme ukweli. Niliona sanduku limeshindwa na mama yu hai. Siku ya nne nilimwona mama akijiandaa kwenda kazini, mkono umefungwa bandeji. Nilimsikia usiku ule akimweleza Mama Shiro kwenye simu kwamba sasa anainua wazee kwa mkono mmoja na mgongo nusu. Nikauliza, "Ile mashine ilikuwa ya kufanya nini?" Mama akanijibu kwa maneno manane hivi. Yalitosha. Nilienda bafuni nikakaa ndani ya beseni la kuogea, bila maji, kwa muda wa karibu mwaka mmoja.

Mama alikuwa ameacha kumsalimu Injinia. "Alinipima kwa mikono yake miwili," alisema, "kisha akashona nguo ya twiga. Yule ama hajui kazi, ama alitaka nianguke." Mama Shiro akachagua la pili, akaongeza na la tatu: "Hao hutafuta damu kidogo ndio mambo yao yafunguke. Utaona. Huyo atatajirika."

Wiki iliyofuata nilimkuta Injinia ameketi kwenye ngazi ya kwanza kabisa, mkono mmoja ubavuni, daftari magotini. Hakukuwa na njia nyingine ya kupanda.

"Keti kidogo," akasema. Nikaketi mbali. "Shuleni mmefika hesabu gani?"

"Kuzidisha."

"Vizuri. Niandikie sita."

Akanipa kalamu. Niliandika sita yangu, ya duara, kichwa wazi. Akaitazama kwa utulivu. Akafungua ukurasa wa mama, akaweka kidole chini ya zile nambari.

"Sita zangu pia hazivai kofia," akasema.

Nilingoja anikamate shati, nilingoja apige kelele. Machozi yakanitangulia, nikasema neno moja tu, "Sanduku." Sijui alisikia nini katika neno hilo. Akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Niliamini daftari kuliko macho. Kitambaa kilikuwa kimemlegea, nikakiona, na bado nikabonyeza." Akainuka kwa shida. Akarudi chini kwake.

Wiki nyingi nilingoja aseme kwa mama. Kila mlango ulipogongwa niliingia chini ya kitanda. Nilijua anakuja na polisi, na watu wa uhamiaji, na fundi mbao. Hakuja. Kabla ya majira ya baridi alihama, na cherehani yake, na mlingoti wake, na nyoka wake wote.

Halafu utabiri wa Mama Shiro ukathibitika, maana yule mtu alitajirika kweli. Aliuza mashine moja, baadaye kumi, baadaye kila hospitali kutoka hapa hadi mwezini. Jina lake likaonekana juu ya jengo la vioo pale Rockville, herufi kubwa kuliko basi, na tukipita mama aligeuza uso upande wa pili. "Mgongo ni wangu, jengo ni lake," alisema. Kila Krismasi lilikuja sanduku la mabalungi kutoka Texas, bila barua, limeandikwa jina la Injinia tu. Mama aliyaombea kwanza, mikono yote miwili juu ya kifuniko, kisha akatukataza kuyagusa. Zawadi ya mtu kama huyo hailiwi hivi hivi. Mama Shiro alijitolea kuyaondoa. Alikuwa hodari sana wa kuyaondoa.

Na mimi? Mimi nilimshuku kuliko wote, kwa sababu nilijua hana kosa. Mtu unayemdhulumu akinyamaza, unamwogopa zaidi. Siku ya mahafali yangu ya chuo cha jioni, Jumamosi moja ya jua kali, nani alisimama kutoa hotuba kama mgeni rasmi? Nywele nyeupe, suti mpya, upana ule ule. Alisimulia vitunguu vya Texas, chumba cha nusu ardhini, masomo ya jioni. Akafika kwenye majaribio ya kwanza. Nikavuta ile kofia ya mahafali hadi puani.

"Nilipima vibaya," akawaambia watu mia tano. "Kosa lilikuwa langu peke yangu."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikatoka jasho. Mtu anayejisingizia kosa lisilo lake anataka nini? Anakulipa, ama anakuwekea deni? Nilirudi nyumbani na shahada mkononi na swali hilo shingoni, na nimelibeba hadi mwezi uliopita.

Basi yule kijana Mtanzania alimvika mama ile mbeleko mpya. Alivuta bizimu huku na huku, kitambaa kikamkaa mama vizuri kama kimezaliwa naye. Nikauliza bizimu hizo ni za nini.

"Hizi? Ndio uzuri wa mashine hii, dada. Zamani walishona kwa kipimo kimoja, ukikosea mtu anadondoka. Hii inarefuka na kufupika. Soma hapo."

Nikainama. Kwenye lebo, karibu na paja la mama, pameandikwa: *Kiuno hadi goti, rekebisha kutoka sentimita 55 hadi 66.*

Nilisoma mara tatu. Hamsini na tano ya mama. Sitini na sita yangu. Si hamsini hadi sabini, kama mtu mwenye akili angeandika. Alikuwa amechukua nambari ya kweli na nambari ya mtoto mwongo, akazifunga kwa mkanda mmoja, akaziuza dunia nzima, na hakumwambia mtu.

Kijana akabonyeza kitufe. Mama akapanda, taratibu, miguu ikiacha kitanda. Tangu ugonjwa umpate alikuwa akisema maneno matatu kwa siku, na mawili ni "Mungu wangu." Alinitazama kutoka juu.

"Unalia nini?"

"Mama, ile siku ulipoanguka. Ni mimi. Nilibadilisha nambari kwenye daftari la Injinia. Nilidhani anakupimia sanduku."

Kijana akaachia kitufe. Mama akabaki ananing'inia, anayumba kidogo. Upande mmoja wa uso wake haukusogea, ule mwingine ukasogea kwa niaba ya pande zote mbili.

"Nishusheni," akasema.

Tukamshusha. Akanyoosha mkono ulio mzima, akanishika nyama ya juu ya mkono, akaifinya kwa namna ambayo nilikuwa sijafinywa tangu shule ya Jumapili. Hakuiachia. Macho yake yalikuwa dirishani, kuelekea barabara ile yenye jengo la vioo, na nilimwona akihesabu miaka, Krismasi moja baada ya nyingine.

"Kumbe," akasema polepole, kila neno likitafuta njia yake, "Shiro amekula mabalungi yangu miaka yote hiyo."